Kuinama Mbele ya Hekalu la Ise: Je! Ni Heshima au Ni Ibada?

Watu wa sharika zetu husafiri mbali siku hizi. Huyu huenda masomoni, huyu ni baharia, huyu ametumwa na kanisa kwenye mkutano. Mmoja wao akifika nchi ya Japani, yamkini wenyeji wake watampeleka kuona hekalu la dini ya Shinto, maana mahekalu hayo ni fahari ya nchi yao, na baadhi yake ni ya kale sana. Hapo Mkristo huingiwa na mashaka. Je! aingie, au abaki nje? Akiingia, naye akiwaona watu wote wanainama, je! ainame pamoja nao? Wako wasemao upesi, "Ni desturi tu, haina neno." Wako na wengine wasemao upesi vile vile, "Hata kukanyaga pale ni dhambi." Majibu haya mawili ni mepesi mno. Nasi twataka kulitafakari jambo hili polepole, maana wako Wakristo waliofungwa gerezani kwa sababu yake, na wengine walikufa.

Kwanza na tulitazame hekalu lenyewe. Twachagua lile la Ise, katika jimbo la Mie, kwa kuwa ndilo lihesabiwalo na Wajapani kuwa kuu kuliko yote. Yako makao mawili makubwa, Naiku na Geku, na pamoja nayo yako mengine madogo, jumla yao 125. Naiku ni mahali pa Amaterasu, mungu mke wa jua, ambaye wenyeji husimulia ya kuwa Makaisari wa Japani ni wazao wake. Mgeni aendaye Naiku huvuka mto Isuzu kwa daraja la mbao liitwalo Uji. Mwanzoni na mwishoni mwa daraja limesimama lango, nalo ni nguzo mbili zilizosimama na boriti zilizolazwa juu yake, bila mlango. Kisha hufuata njia ya changarawe, chini ya miti mikubwa sana. Nyumba ya ibada imejengwa kwa mbao tupu za mti uitwao hinoki, ulio jamii ya miberoshi, na paa lake ni la manyasi. Tena mgeni haioni nyumba hiyo ila kipande cha paa lake, maana imezungukwa na nyua nne, na penye lango la ua limetungikwa pazia jeupe. Hapo ndipo mwisho wa watu wote. Husemwa ya kuwa ndani kimehifadhiwa kioo kitakatifu, lakini watu hawakioni.

Jambo limstaajabishalo mgeni kuliko yote ni hili, ya kuwa mahali ni pa kale, lakini nyumba si ya kale. Kila baada ya miaka 20 nyumba mpya hujengwa katika kiwanja kilicho kando ya ile ya zamani, kwa kipimo kile kile, kisha ile ya zamani hubomolewa. Husimuliwa ya kuwa desturi hii ilianza mwaka wa 690. Ilikatika kwa muda wa miaka zaidi ya 100 wakati wa vita vya karne ya 15 na ya 16, kisha ikaanzishwa tena. Mara ya 62 ilitimia mwaka wa 2013, na mara ifuatayo yatazamiwa mwaka wa 2033. Mbao za zamani hazitupwi. Nguzo kuu za nyumba iliyobomolewa hufanywa malango ya Daraja la Uji. Hata misitu waliitengenezea shauri: mwaka wa 1923 waliweka mpango wa kupanda na kutunza miti kwa muda wa miaka 200, ili msitu wa hekalu lenyewe uweze kutoa tena mbao za kujengea.

Sasa na tutazame yale ambayo watu huyafanya pale. Penye lango huinama kidogo. Penye maji huchota kwa kata, huosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha husukutua kinywa. Wakifika mbele ya pazia huinama mara mbili kwa mgongo uliopinda sana, hupiga makofi mara mbili, huomba kimoyomoyo, kisha huinama mara moja tena. Mgeni halazimishwi. Akisimama kando akitazama, hapana amwulizaye neno. Na katika Wajapani wenyewe wamo wengi wasemao ya kuwa hawana dini, nao walakini huenda hekaluni siku za mwaka mpya kama baba zao walivyokwenda.

Basi, swali la kwanza: je! ni dhambi kuingia na kutazama? Sisi twajibu, la. Mtume Paulo alipokuwa Athene alizunguka mjini akaziangalia madhabahu zao, hata akasoma maandiko yaliyokuwamo juu ya mojawapo. Roho yake ilichukizwa, lakini hakufumba macho, wala hakuwatukana wenyeji. Alianza mahubiri yake kwa jambo lile alilolikuta kwao. Jicho litazamalo haliabudu. Tena yako mambo ambayo twaweza kujifunza pale Ise bila kumwabudu Amaterasu hata kidogo. Mafundi wale waliofahamu ya kuwa ujuzi usiorithishwa hufa, wakaweka muda wa miaka 20, ili kijana ajenge pamoja na mzee, na baadaye awe yeye mzee amfundishaye mwingine, ni watu wenye busara. Ni sharika ngapi zetu zilizo na mwimbishaji mmoja, au mwalimu mmoja, naye akifa kazi hufa pamoja naye! Na mtu apandaye mti ambao ataukata mjukuu wa mjukuu wake, ametuaibisha sisi tunaokata na kusahau. Mungu amewapa watu wote akili na bidii. Yatupasa kumshukuru kwa ajili ya kipawa chake, hata kikionekana mahali ambapo hatajwi.

Swali la pili ni gumu zaidi: je! kuinama ni ibada? Mwili mmoja hufanya kazi nyingi. Katika nchi ya Japani watu husalimiana kwa kuinama, kama sisi tumwamkiavyo mzee kwa shikamoo. Hapana amwonaye mwenzake kuwa mungu kwa sababu hiyo. Katika Maandiko twasoma ya kuwa Ibrahimu aliwainamia wana wa Hethi alipotaka kununua mahali pa kumzika Sara, na Yakobo alimwinamia Esau nduguye mara saba. Nao hawakutenda dhambi. Lakini twasoma tena juu ya vijana watatu katika Babeli, Shadraka, Meshaki na Abednego, walioambiwa wainame mara moja tu mbele ya sanamu, wakakataa, wakatupwa katika tanuru. Mgongo ni ule ule. Mbona hapa ni adabu, na kule ni kumkana Mungu?

Wengi hujibu ya kuwa tofauti iko moyoni. Mtu akiinama pasipo kuamini, basi hakuabudu. Jibu hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Kama lingetosha, vijana wale watatu wangeinama kwa mgongo huku wakisimama kwa moyo, wasingeona moto. Mambo yaliyotokea Japani na Korea yatatuonyesha upungufu wa jibu hili, nasi twayasimulia kwa ufupi.

Tarehe 9 Januari 1891, katika shule moja kubwa ya serikali mjini Tokyo, waalimu na wanafunzi waliitwa mmoja mmoja wainame mbele ya andiko la Kaisari juu ya elimu, lililotolewa mwaka uliotangulia. Mwalimu Mkristo, Uchimura Kanzo, aliinamisha kichwa kidogo tu, hakupinda mgongo kama wenzake. Ghasia kubwa ikazuka. Baadaye alielezwa ya kuwa ni heshima tu, si ibada, akakubali. Na kwa kuwa alikuwa mgonjwa, mwenzake akainama badala yake. Walakini alipoteza kazi yake, na magazeti yalimwita msaliti wa nchi. Mwaka wa 1900 serikali ikatenga idara ya mahekalu ya Shinto mbali na idara ya dini, ikasema ya kuwa mahekalu hayo si dini, ni heshima ya taifa. Kwa maneno hayo Wakristo waliambiwa, "Ninyi shikeni dini yenu, huku hatuwaombi dini." Mwaka wa 1932 wanafunzi kadha wa chuo cha Kikatoliki mjini Tokyo walikataa kuinama katika hekalu la Yasukuni, na chuo kikapata mashaka makubwa. Mwaka wa 1936 Rumi iliwaruhusu Wakatoliki wa Japani kushiriki, kwa kuwa serikali ilisema ni upendo wa nchi tu.

Katika Korea, iliyokuwa chini ya Japani tangu 1910 hata 1945, mambo yalikuwa makali zaidi. Shule za misheni ziliagizwa kuwapeleka wanafunzi mahekaluni; nyingine zilifungwa, kama chuo cha Soongsil mjini Pyongyang kilichofungwa mwaka wa 1938. Mwezi Septemba mwaka ule ule Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Korea ulikubali ya kuwa kuinama hekaluni si dini, nao ulikubali huku polisi wamekaa kati yao. Mchungaji Chu Ki-chol wa Pyongyang hakukubali. Alikamatwa mara kwa mara, akateswa, akafa gerezani mwezi Aprili 1944. Na katika Japani yenyewe makanisa mengi ya Kiprotestanti yaliunganishwa kuwa moja mwaka wa 1941, na Walutheri walikuwamo. Na mwezi Januari 1942 kiongozi wake, Mchungaji Tomita Mitsuru, alikwenda Ise, akatoa habari ya kanisa lile jipya mbele ya hekalu la Amaterasu.

Hapa twasimama tuulize. Kama kuinama kule kulikuwa si kitu, mbona mtu asiyeinama alitiwa gerezani? Mkubwa asemaye, "Jambo hili ni dogo, halina dini ndani yake," kisha akamwua mtu kwa ajili yake, amejishuhudia mwenyewe ya kuwa si dogo. Alitaka neno litokalo katika mgongo wa mtu, nalo neno lenyewe ni hili: "Hapana bwana aliye juu ya bwana huyu." Naye alijua ya kuwa watu wote wataliona na kulisoma, hata kama moyo wa aliyeinama wasema lingine. Ndiyo sababu moyo peke yake hautoshi. Tendo lifanywalo mbele ya watu ni usemi, na usemi una msikiaji.

Mtu aweza kutupinga akisema, "Hata kodi hulazimishwa, hata kusimama mbele ya hakimu hulazimishwa, je! hayo nayo ni ibada?" La. Kodi hulipwa hata na mtu aliyekasirika, na karani hamwulizi neno la moyo wake. Ahesabu fedha, basi. Hakimu asimamiwaye ni mtu, na wote wajua ya kuwa ni mtu, na kesho aweza kuondolewa katika kazi yake. Lakini penye jambo ambalo laombwa kama ushuhuda wa moyo, mbele ya kitu kitukuzwacho kama mungu, tena bila ruhusa ya kukataa, hapo Mkristo na aangalie sana. Heshima ya kweli hutolewa na mtu aliye huru. Ukiuondoa uhuru wa kukataa, ile iliyobaki si heshima tena.

Sisi Walutheri tulipata kufundishwa neno hili zamani, kwa uchungu. Mwaka wa 1548, baada ya Kaisari Karolo wa Tano kuwashinda wakuu wa Kiinjili, iliagizwa katika Ujerumani ya kuwa desturi kadha za zamani zirudishwe kanisani. Wengine, na Melanchthon kati yao, walisema ya kuwa desturi hizo si lazima wala si haramu, basi na zikubaliwe kwa ajili ya amani. Wengine, hasa Flacius, walijibu ya kuwa wakati wa kulazimishwa hata jambo dogo huwa kubwa, kwa kuwa kukubali ni kuonekana umeikana Injili. Na andiko la Mapatano la mwaka wa 1577 liliamua hivi: mambo yasiyoagizwa wala kukatazwa na Mungu kanisa laweza kuyatumia au kuyaacha kwa uhuru, lakini adui wa Injili akiyadai kwa nguvu, wakati wa kukiri imani, yasikubaliwe. Waliokusanyika Pyongyang hawakuwa Walutheri, lakini swali lililowekwa mbele yao ni lile lile.

Na tuseme nini basi juu ya wachungaji walioinama? Sisi tuliokaa salama tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Walikuwa na waumini wa kuwatunza, shule za kuokoa, wake na watoto. Petro naye aliogopa mbele ya kijakazi. Tena twamkumbuka Naamani Mshami, aliyeponywa ukoma wake, kisha akamwambia Elisha ya kuwa atakapomsindikiza bwana wake katika nyumba ya Rimoni, naye mfalme akiegemea mkono wake, atalazimika kuinama. Elisha alimwacha aende kwa amani. Lakini angalieni: Naamani hakusema ya kuwa kuinama kule si kitu. Aliomba msamaha kabla hajakwenda. Aliliita jambo kwa jina lake. Mtu dhaifu ainamaye akilia moyoni mwake yuko karibu na rehema. Hatari kubwa zaidi ni ya yule ainamaye na kufundisha ya kuwa hakuna neno, kisha akamsukuma na mwenzake. Mwaka wa 1938 Mchungaji Tomita alikwenda Korea kuwashawishi wachungaji wa kule ya kuwa mahekalu si dini, naye Chu Ki-chol alikuwa mmoja wa waliompinga. Nalo kanisa lile la Japani, mwaka wa 1967, lilitoa ungamo mbele ya watu wote juu ya hatia yake katika wakati wa vita, likaomba msamaha kwa Mungu na kwa mataifa ya Asia. Twalishukuru ungamo hilo, maana si mara nyingi makanisa husema hivyo.

Vita vilipokwisha mambo yaligeuka. Tarehe 15 Desemba 1945 serikali ilikatazwa kuyasimamia na kuyagharimia mahekalu ya Shinto. Tarehe 1 Januari 1946 Kaisari mwenyewe alitangaza ya kuwa si mungu. Na sheria kuu ya nchi ya mwaka wa 1947 yasema ya kuwa mtu asilazimishwe kushiriki tendo lo lote la dini. Mahekalu, na Ise pamoja nayo, yakawa vyama vya dini kama dini nyingine. Basi mgeni wa leo hayumo katika jaribu la Chu Ki-chol. Mlango wa kukataa uko wazi. Walakini ameondolewa pia ule udhuru wa zamani: hawezi kusema tena ya kuwa serikali imesema si dini, kwa kuwa hekalu lenyewe limeandikwa kuwa la dini, na watu wafikao mbele ya pazia wafika kuomba.

Hapo twaona njia, nayo ni ile aliyoionyesha Paulo kwa Wakorintho juu ya nyama. Aliwaruhusu kula iliyouzwa sokoni bila kuulizauliza. Lakini mtu akiwaambia ya kuwa hii imetolewa sadaka kwa mungu fulani, wasile, kwa ajili ya dhamiri yake aliyesema. Kadhalika katika Ise. Kuvuka daraja, kutembea chini ya miti, kustaajabia kazi ya mafundi, kuvua kofia, kunyamaza ili usiwasumbue waombao, hayo yote ni kama nyama ya sokoni. Kumwinamia mwenyeji wako kwa shukrani ni adabu njema. Lakini kusimama mbele ya pazia, kuinama mara mbili, kupiga makofi na kuomba, ni kama nyama ambayo tayari umeambiwa habari yake. Hapo Mkristo na asimame kando kwa upole. Mwenyeji akimwuliza sababu, na amjibu bila dharau, "Ndugu, nakuheshimu wewe na nchi yako, lakini maombi yangu nimekwisha kuyaweka kwa Mmoja." Huenda jibu hilo likawa mwanzo wa mazungumzo mema kuliko makofi ya uongo. Maana hata kwa mwenyeji si heshima kuigiza sala yake usiyoiamini. Tungewaona watu kuwa wametudharau, kama wangekuja kwenye meza ya Bwana kwa ajili ya kutazama ladha yake tu.

Mwisho, ndugu waalimu, tusidhani ya kuwa neno hili ni la Japani peke yake. Mnapowafundisha watoto Amri ya Kwanza katika Katekisimo Ndogo, ya kuwa tumche Mungu, tumpende na kumtumaini kupita vyote, watawauliza, "Je! tukimheshimu mkubwa, tukisimama kwa ajili ya bendera, tukienda kwenye kaburi la babu, twatenda dhambi?" Msiwape jibu jepesi. Wafundisheni kuuliza maneno matatu. Kwanza, ni nani aheshimiwaye hapa, mtu au mungu? Pili, watu waonao watasikia nini katika tendo hili langu? Tatu, je! naweza kukataa, na nikikataa itakuwaje? Mtoto ajuaye kuuliza hivyo hatakuwa mkaidi mbele ya wazee, wala hatakuwa mtumwa mbele ya wenye nguvu.

Na sisi wenyewe tujiulize neno la tatu ndani ya sharika zetu. Ikiwa yuko mtu apigaye magoti kanisani kwa kuwa aogopa mzee wa kanisa, au aogopa kunyimwa nafasi ya shule, tumemfanyia jinsi alivyofanyiwa Mkorea mbele ya hekalu. Kristo hakumlazimisha mtu. Alimtazama yule kijana tajiri akimpenda, akamwacha aende zake. Ibada ambayo Mungu wetu aipokea ni ya watu ambao wangeweza kukataa, nao wamekuja.